Kuwafundisha watoto wa darasa la tatu kutafiti wanyama maktabani

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto maktabani nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi nikiwa mdogo. Niliwaambia wachague mnyama, watafute habari zake, waandike. Walirudi na kurasa zimejaa. Msichana mmoja, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alikuwa ameandika kwamba simba ni "mlanyama wa kijamii". Nikamuuliza, "Mwanangu, wa kijamii maana yake nini?" Akainamisha kichwa. Alikuwa amehamisha maneno kutoka kitabuni hadi kwenye daftari, hakuna hata moja lililopita kichwani mwake, na mimi ndiye niliyemtuma afanye hivyo.

Ninayoyaeleza hapa ni utaratibu ninaoutumia sasa na darasa la tatu, watoto wa miaka minane na tisa, kwa vipindi sita vya dakika 40. Darasa langu lina watoto 64. Maktaba yetu ni chumba kimoja chenye rafu nne. Ukiwa na watoto wachache au vitabu vingi kuliko mimi, utapumua zaidi, lakini hatua ni zilezile.

Ingia kwanza peke yako

Siku moja kabla, ingia maktabani bila watoto. Toa kila kitabu kinachozungumzia wanyama, hata cha sayansi cha madarasa ya juu, hata jarida kuukuu lililotolewa jalada. Andika orodha ya kila mnyama mwenye angalau kurasa mbili ambazo mtoto anaweza kuzisoma. Kwetu walipatikana 19. Watoto huchagua kati ya hao.

Najua walimu wanaosema mtoto aachwe achague anachotaka. Nilijaribu. Nusu ya darasa walichagua simba, na mvulana aliyemtaka kakakuona alikaa bure kipindi kizima kwa sababu hakuna kitabu hata kimoja kilichomtaja. Mtoto akitafuta mara ya kwanza akakosa, anaondoka akiamini kwamba vitabu si vyake. Apate kwanza. Kakakuona atamfuata baadaye.

Kama maktaba ya shule yako ni kabati lililofungwa ofisini kwa mwalimu mkuu, omba ufunguo, toa vitabu kumi au kumi na viwili, viweke kwenye boksi uende nalo darasani.

Swali litangulie kitabu

Kipindi cha kwanza hatugusi kitabu chochote. Tunakaa chini ya mwembe na ubao mdogo. Nataja mnyama mmoja wa mfano, na kwa miaka kadhaa sasa mfano wangu ni fisi, kwa sababu hakuna mtoto asiye na neno la kusema juu ya fisi. Nauliza: mnajua nini? Mikono inapanda. Fisi ni mlafi. Fisi anacheka. Fisi ni mwoga, anakula mizoga tu. Fisi anapandwa na wachawi usiku. Kinyesi cha fisi ni cheupe.

Naandika yote. Sisemi hili kweli wala hili uongo, wala sicheki. Kisha narudi kwenye kila sentensi nauliza neno moja tu: "Umejuaje?" Bibi alinisimulia. Niliona kwenye katuni. Kaka yangu anachunga ng'ombe, alikiona kinyesi. Hapo watoto wanaanza kuona wenyewe kwamba yule aliyekiona na yule aliyesikia hawajasimama mahali pamoja. "Umejuaje?" ndilo swali nitakalowauliza mpaka mwisho wa wiki, na baada ya siku mbili wanaulizana wenyewe.

Mwisho wa kipindi kila kundi la watoto wanane huchagua mnyama kwenye orodha na kutunga swali moja. Moja tu. Saidia kundi kulinyoosha swali lao. "Habari za twiga" si swali. "Twiga anakula nini?" ni swali, ila jibu wanalo tayari. "Twiga akitaka kunywa maji anafanyaje na shingo yote ile?" hilo ndilo. Maswali mengine niliyowahi kupata: kobe akitoka kwenye gamba lake anaishi? Popo anajuaje anakokwenda gizani? Tembo anabeba mimba muda gani? Likija swali kama "Kwa nini Mungu aliumba nyoka?", lipokee kwa heshima, mwambie mtoto amuulize shehe au padri, kisha mtafutieni nyoka swali ambalo kitabu cha wanyama kinaweza kulijibu.

Andika kila swali kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi, ulitoboe, ulifunge uzi. Kundi litalibeba kila linapoingia maktabani na kuliweka mezani mbele yao. Mtoto akipotelea kwenye picha za mamba wakati swali lake ni la kobe, humkemei. Unagusa lile boksi kwa kidole.

Hadithi huku, taarifa kule

Hili halichukui muda, lakini usiliruke. Mwaga vitabu kumi mezani, vya hadithi na vya taarifa vikiwa vimechanganyika, watoto wavitenge mafungu mawili. Watabishana. Sungura aliyevaa shati yuko fungu gani? Rahisi. Lakini kitabu chenye picha halisi za simba, na ndani yake simba anazungumza? Waache wabishane. Waambie watafute yaliyomo mbele na faharasa nyuma. Kitabu cha taarifa mara nyingi kina kimojawapo au vyote. Sungura wa hadithi anamshinda fisi kwa akili, na hadithi hiyo wala si uongo wa kutupwa, ina kazi yake jioni nyumbani. Ila haiwezi kutuambia sungura anazaa watoto wangapi.

Kulifikia jina kwenye kitabu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo walimu wengi tunapopita haraka kwa kudhani mtoto anayejua a-b-ch-d anajua kutafuta neno. Hajui. Majina ya wanyama wetu yana mitego ambayo lazima umwonyeshe.

Mtego wa kwanza ni herufi za mwanzo kufanana. Mtoto anajua "nyati" iko kwenye N, anafika pale anakuta N zimejaa ukurasa. Ninafunga kamba darasani kama ya kuanikia nguo, nachukua vibanio sita na kadi sita: nyoka, nyumbu, nyani, nyegere, nyuki, nyati. Kazi yao ni kuzianika kwa mpangilio wa kamusi. Herufi ya kwanza haisaidii, ya pili haisaidii, lazima waende ya tatu, na kwa nyani na nyati, kisha nyuki na nyumbu, waende mpaka ya nne. Mara ya kwanza ilichukua kipindi kizima na kelele nyingi. Jibu ni nyani, nyati, nyegere, nyoka, nyuki, nyumbu. Siku ya pili wape ngamia, ngedere, ngiri, nguruwe, nguva, na hawatakuhitaji tena.

Mtego wa pili ni umoja na wingi. Kwetu neno hubadilika mbele. Mtoto anatafuta "chura" kwenye CH, kitabu kimeandika "vyura" na kumweka V. Kinyonga yuko V, kipepeo yuko V. Wafundishe kusema jina kwa umoja, kisha kwa wingi, na kutafuta mahali pote pawili kabla ya kusema hayumo. Simba, chui, twiga na tembo hawana shida hiyo, kwa hiyo anza nao.

Mtego wa tatu ni mnyama mwenye majina mawili, au jina moja lenye wanyama wawili. Tembo ni ndovu. Asiyempata kwenye T aende N. Fisi maji si fisi hata kidogo. Ni mnyama mwingine kabisa, anayeishi mtoni na kula samaki. Nyumbu anaweza kuwa yule wa Serengeti anayehama kwa makundi au mtoto wa punda na farasi.

Na kama maktaba yako, kama yetu, ina vitabu vingi vya Kiingereza vilivyotolewa msaada, kuna mtego wa nne niliougundua kwa kuangukiwa nao. Kundi moja lilikuwa na swali la mamba. Wakapata kitabu cha Kiingereza, wakaona neno "mamba" limeandikwa wazi kabisa, wakafurahi. Walirudi wakiwa wameandika kwamba mamba hana miguu na anaweza kupanda mti. Kwa Kiingereza neno hilo ni la nyoka, yule mmojawapo tunayemwita koboko. Hawakuwa wamekosea kutafuta. Walitafuta vizuri kuliko kundi lolote siku ile, na niliwaambia hivyo mbele ya wenzao. Kilichokosekana ni kutazama picha na kujiuliza kama huyu ndiye tuliyemtaka. Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba ukilipata jina, tafuta picha kwanza, ndipo usome.

Kuhusu rafu, kama vitabu vyenu vimepangwa kwa namba za Dewey, zile namba za maktaba zinazopanga vitabu kwa mada, wanyama wanaanzia 590. Wadudu na buibui wako 595, samaki, vyura na nyoka 597, ndege 598, mamalia 599. Kama havijapangwa, bandika karatasi za rangi kwenye mgongo wa kitabu: buluu kwa wa majini, kijani kwa ndege, nyekundu kwa mamalia, na kadhalika. Watoto wenyewe wabandike, kwa sababu kubishana popo awe rangi gani ni somo tosha. Kundi lenye swali la popo karibu kila mwaka huanza kwenye vitabu vya ndege, na hukosi kuwaona wakipekua mpaka mwisho na kukunja uso. Usiwakimbilie. Mmoja atasema, "Mwalimu, labda si ndege." Wakifika kwenye mamalia wakasoma kwamba popo ananyonyesha, hawatasahau maisha yao yote, kwa kuwa walifika kwa miguu yao.

Wakae benchi moja

Jambo dogo, lakini lilinichukua mwaka kuliona. Watoto wanane wakizunguka meza yenye kitabu kimoja, wanne wanasoma kichwa chini miguu juu, na ndio hao hao wanaosemwa ni watundu. Waweke wote upande mmoja, wengine kwenye benchi, wengine wamesimama nyuma yao. Kama una nakala mbili, gawa kundi.

Msomaji awe mmoja kwa zamu, anasoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Wengine wanasikiliza wakiwa na swali mbele yao, na anayesikia kinachogusa swali anagonga meza. Waanze na picha na maneno madogo yaliyo chini ya picha, kisha vichwa vya habari, kisha aya moja tu iliyo karibu na wanachokitaka. Si lazima wasome kitabu kizima. Watoto wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kitabu cha taarifa kinaruhusu kuruka, na ukiwaambia wanakutazama kama umewapa likizo.

Funga kitabu

Ukichukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili.

Kundi likigonga meza, msomaji anarudia sentensi hiyo mara mbili. Kisha kitabu kinafungwa. Kinafungwa kweli, jalada juu, na mtoto mmoja anaweka kiganja chake juu yake. Kalamu zote ziko chini. Sasa mmoja amwambie mwenzake alichosikia kwa maneno ya nyumbani, kama anavyomsimulia mdogo wake. Wakishakubaliana, ndipo kalamu ziinuliwe na waandike kile walichosema. Kitabu kinafunguliwa tena mwishoni tu, kuhakikisha namba na majina.

Kundi la twiga mwaka jana walisoma kwamba "twiga hulazimika kutanua miguu ya mbele au kukunja magoti ili kinywa kifikie maji". Kitabu kikafungwa. Kimya. Mvulana mmoja akasimama, akatanua miguu yake, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, akasema, "Hivi. Na akiwa hivi simba anaweza kumkamata, maana hawezi kukimbia upesi." Lile la simba halikuwa kwenye ukurasa ule. Alilifikiri mwenyewe. Waliandika, "Twiga anapanua miguu ya mbele sana ndipo anainama. Tunafikiri simba anaweza kumvizia hapo." Nikawaomba neno "tunafikiri" walipigie mstari, kwa kuwa hilo ni lao, la kwanza ni la kitabu. Baada ya wiki walikuta kitabu kingine kinachosema kweli twiga anapokunywa maji yuko hatarini. Furaha yao siwezi kuieleza.

Watoto wanaonakili hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wananakili kwa sababu maneno ya kitabu yanaonekana mazuri kuliko yao. Ukimwambia mtoto "usinakili" bila kumpa njia nyingine, umemnyang'anya fimbo katikati ya mto. Kiganja juu ya jalada kinampa njia.

Neno gumu likitokea, kama mamalia au mawindo, libaki, lakini liandikwe kwenye kona ya kadi pamoja na maana waliyokubaliana. Neno lisilopatiwa maana haliruhusiwi kuingia kwenye kadi.

Kadi yenyewe ni robo ya karatasi ya manila. Juu swali, katikati jibu, chini jina la kitabu na namba ya ukurasa. Watoto wa miaka minane wanaweza hilo kabisa. Nawaeleza kwa mfano wa dukani: mtu akisema mama kakutuma uchukue unga kwa mkopo, mwenye duka atauliza mama yupi. Namba ya ukurasa ndiyo jina la mama.

Kwa watoto ambao kusoma bado ni kugumu, na katika watoto 64 wapo, utafiti wao uwe wa picha. Wahesabu. Buibui ana miguu mingapi, na siafu? Minane na sita, na hapo wamegundua kwamba buibui hayumo katika kundi moja na siafu. Wachore, mwenzao awasaidie kuandika majina ya viungo. Kadi yao inaingia kwenye kamba pamoja na nyingine.

Vitabu viwili vikipingana

Usiliogope hili, litafute. Kwangu linakuja kupitia chura wa Kihansi, yule mdogo wa chini ya sentimita 3 anayetoka kwenye maporomoko ya mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto kamili. Nina karatasi mbili juu yake. Moja inasema ametoweka porini. Nyingine inasema anaishi Kihansi. Watoto hukasirika: nani mwongo?

Wafundishe kufungua kurasa za mwanzo na kutafuta mwaka wa kuchapishwa. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, ule unyevunyevu uliowaweka hai vyura ulipungua. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa na kuzalishwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Karatasi ya kwanza iliandikwa katikati ya miaka hiyo, ya pili baadaye. Hakuna aliyedanganya. Chora mstari ubaoni, weka miaka, watoto wabandike kila karatasi mahali pake.

Na fisi je? Ubao wa siku ya kwanza bado upo, na sasa wanaurudia. Kinyesi cheupe: kweli, kwa sababu anakula mifupa. Mwoga anayekula mizoga tu: hapa watakuta vitabu vinavyosema hivyo na vingine vinavyokataa. Ninawasimulia habari za Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi aliyewafuatilia fisi wa Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, usiku kwa usiku. Watu walikuwa wakifika asubuhi wanaona simba anakula nyumbu na fisi wamekaa pembeni wanasubiri, wanaondoka wakisema simba kaua, fisi anangoja makombo. Yeye aliyekuwepo usiku aliona mara nyingi fisi ndio waliowinda na kuua, simba akaja kuwanyang'anya. Darasa hunyamaza hapo. Kisha mmoja husema lile neno, bila kuombwa: "Kwa hiyo wa asubuhi walijuaje?"

Siku ya kueleza

Kila kundi lina dakika tano. Linasimama na kadi moja na boksi la swali, linasema swali, jibu, kitabu na ukurasa. Wasikilizaji wana haki ya kuuliza "Umejuaje?" na kundi linafungua ukurasa na kuonyesha. Asiyepata jibu naye asimame, aeleze alitafuta kwenye vitabu gani na kwa majina gani. Mpigieni makofi kama wengine.

Kadi zote usizirudishe nyumbani. Zitoboe, zifunge kwa uzi kwa mpangilio wa alfabeti, ziweke kwenye rafu ya wanyama zikiwa na jalada la boksi na mwaka. Zetu sasa ni mafungu manne, na darasa la tatu la mwaka huu huyatumia kama kitabu kingine chochote, likitaja ukurasa. Maswali yaliyokosa majibu yanabaki yananing'inia kwenye kamba dirishani. Mwezi Januari ndiyo ya kwanza ninayowasomea watoto wapya, na la kakakuona bado lipo pale.